Kesi zisizolipa, na kwa nini nazifikisha mwisho

Nina utaratibu mmoja ofisini ambao karani wangu mwanzoni aliuona ni kujisumbua bure: mteja asiyelipa anafunguliwa jalada sawasawa na anayelipa. Jalada linapewa namba, linakaa kabati lilelile, tarehe ya kutajwa inaandikwa kwenye ubao uleule nyuma ya mlango, na mteja anasaini mkataba. Ndiyo, mkataba, hata kama mahali pa ada pameandikwa sifuri. Unaeleza nitafanya nini, nitaishia wapi, nauli za mashahidi ni juu ya nani, na kwamba mteja akibadilisha namba ya simu anijulishe. Hicho kipengele cha simu nakipigia mstari kwa kalamu nyekundu mbele yake. Nimeshawatafuta sana watu wenye kesi zao kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji na vijana wa bodaboda.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Moshi. Ofisi iko ghorofani, ngazi nyembamba, chini wanauza kava na chaja za simu. Kodi ya pango inatoka kwenye kazi za kawaida kabisa: hati za rehani za benki, mikataba ya kuuziana viwanja, kusajili kampuni, kushuhudia viapo. Kinachoniumiza kichwa ni zile nyingine.

Nazipokea chache. Tatu kwa wakati mmoja, nne nikishindwa kukataa. Zikijaa nasema zimejaa na namwelekeza mtu kwingine: KWIECO, shirika la kuwasaidia wanawake, wapo hapahapa mjini na wamewasaidia akina mama wa mkoa huu kwa miaka mingi, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanza mwaka 1995, kina ofisi Arusha. Kuna wenzangu wanaoona huu ni uchoyo. Wao wanapokea kila anayepanda ngazi, wanamwandikia hati ya madai, wanamtakia heri. Sikubaliani nao, na nimewaambia hivyo kwenye chai ya saa nne. Kesi ya bure iliyoachwa katikati inamharibia mtu kuliko kama asingepata wakili kabisa. Asiye na wakili anajua hana. Anahudhuria mwenyewe, anamsumbua karani wa mahakama, anakumbuka tarehe. Aliyepewa wakili anatulia nyumbani akiamini mambo yanakwenda, na siku 30 za rufaa zinapita yeye yuko shambani anapalilia.

Nieleze shauri moja, kwa idhini ya mwenyewe, nikiwa nimeyageuza yale yanayoweza kumtambulisha.

Mama mmoja mjane aliletwa na msaidizi wa kisheria wa kata yao, mzee mstaafu aliyekuwa bwana shamba. Mzee huyu anajua mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vya kata nzima, anajua hata masale gani, ile mimea ya mpakani, yaling'olewa usiku na nani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi watu kama yeye. Ile ya 1969 iliyotangulia ilihusu kesi za jinai tu, na kwa sheria ile huyu mama na mirathi yake hawakuwa na pa kushika. Mzee hasimami mahakamani wala hajifanyi wakili, na ndiyo maana namheshimu, kwa sababu vishoka wa mjini hapa wanaojifanya mawakili ni wengi na wana mihuri mizuri kuliko wangu. Anachofanya yeye ni kukaa na mtu kwenye benchi nje ya ofisi ya kata na kumwandikia mambo yake kwa mpangilio. Nilipokea karatasi ya kaunta buku yenye safu mbili, tarehe kushoto, tukio kulia. Nimewahi kupokea majalada kutoka kwa mawakili wenzangu yasiyofikia karatasi ile.

Mambo yenyewe: mume alifariki. Shemeji, mdogo wa marehemu, akaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba kusimamia mirathi. Mama aliambiwa ni kwa ajili ya kufuatilia mafao, akasema sawa. Miaka ikapita. Siku moja akamkuta mwanamume na futi ya kupimia kwenye shamba lao la tambarare, lile la mahindi. Akauliza. Akajibiwa kwa upole kabisa: "Mama, hili nimenunua, na mkataba ninao."

Kisha kahawa ya kihambani nayo ikaanza kuchumwa na watoto wa shemeji.

"Mwanangu wakili," aliniambia, "mimi sitaki ugomvi. Nataka tu kujua hicho kihamba ninacholala ni cha nani."

Nilikwenda kukagua jalada la mirathi. Hapa ndipo kazi nyingi ya wakili ilipo, na hakuna anayeiona: unakaa kwenye meza ya pembeni ya masjala, unafungua kurasa zilizofungwa kwa uzi, unasoma kila kitu pamoja na migongo ya karatasi. Kulikuwa na Fomu Namba 1 ya maombi, nakala ya cheti cha kifo, tangazo, barua ya uteuzi, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwenye muhtasari kulikuwa na majina ya wanaukoo, wengi wameweka sahihi. Mbele ya jina la mjane kulikuwa na alama ya dole gumba, wino wa bluu, imebonyezwa vizuri kabisa, mistari yote inaonekana.

Mama huyu ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa.

Nikamwambia aniletee daftari la hisa. Akaniletea mawili, yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na risiti za mbolea. Kila wiki kuna sahihi yake, herufi ya kwanza ina mkia unaoshuka hadi kwenye mstari wa chini na kumkwaruza anayefuata. Nilitafuta wiki ya kikao cha ukoo. Sahihi ipo, mkia upo.

Hadi mwaka 2021 nisingeweza kusimama naye pale. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa haimruhusu wakili. Kazi yangu ingekuwa kumwandikia karatasi na kumfundisha aseme nini, kisha nimsubiri nje. Marekebisho ya mwaka ule yakafungua mlango kwenye mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Wapo wanaosema hilo limewafaa matajiri, kwamba sasa mwenye hela anakuja na wakili hadi kwenye mahakama ya wanyonge. Ni kweli kwa sehemu. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda kusimama upande wa pili.

Tuliomba uteuzi wa shemeji utenguliwe. Kwenye maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, nilimuuliza shemeji juu ya dole gumba. Akasema siku ya kikao mama alikuwa ameumia mkono. Mkono upi? Wa kulia. Ulikuwa umefungwa bandeji? Ulikuwa umefungwa. Nikaomba daftari la VICOBA lipokelewe. Wazee wa baraza wakalipitisha mkono kwa mkono, mmoja akavaa miwani kabisa. Nilirudi kiti changu nikijiona nimemaliza kazi.

Uamuzi ulipotoka, dole gumba lilipata sentensi moja. Hakimu alijenga uamuzi wake juu ya jambo ambalo mimi niliona ni la kukamilisha idadi ya hoja: kanuni za mirathi katika mahakama za mwanzo zinamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu, yaani Fomu Namba 5, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Haikuwamo. Fomu Namba 6 ya hesabu nayo haikuwamo. Msimamizi aliyekaa miaka bila kuiambia mahakama anasimamia nini hawezi kuendelea kuitwa msimamizi. Uteuzi ukatenguliwa, mama akateuliwa yeye. Napenda kulisimulia hili kwa mawakili wachanga wanaodhani haki inapatikana kwa ufundi wa maswali. Mara nyingi ipo kwenye fomu ambayo haikujazwa, na wajane wengi wa wilaya hii wangejua habari ya miezi minne wasingehitaji wakili, wangeenda wenyewe kumuuliza karani: fomu ya tano iko wapi?

Siku ile nje ya mahakama watu walinipa mkono, mama akalia kidogo, mzee wa kata akasema "Mungu mkubwa." Kama ningekuwa nafanya kesi za bure kwa namna wanavyozifanya wengi, ningefunga jalada jioni ile. Kumbe mama alikuwa na karatasi mkononi na hana shamba. Mnunuzi hakuwa sehemu ya shauri la mirathi, na mahakama ya mirathi haiwezi kumwondoa mtu ambaye haikumsikiliza. Shemeji naye alikuwa ameamriwa kukabidhi, na alikuwa hajakabidhi hata ufunguo wa stoo ya kahawa.

Shauri la ardhi linaanzia Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza lile halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mawakili wengi wanaichukulia hatua hii kama geti la kupita, unasaini usuluhishi umeshindikana unaendelea. Mimi nilikaa. Yule mnunuzi alikuwa mwalimu, mtu mstaarabu, alikopa benki kununua, alikuwa na mkataba wenye muhuri wa kijiji, na alikuwa amekwisha kujenga msingi wa nyumba upande wa chini. Hakuwa mwizi. Hapo ndipo ugumu wa kesi hizi ulipo: upande wa pili mara nyingi si jambazi, ni mtu mwingine aliyedanganywa.

Siku ya pili ya usuluhishi akaja mzee wa ukoo ameshika isale. Nieleze kwa wasio wa huku: kwetu Uchagani ukiletewa jani la isale unaombwa msamaha, na kukataa si jambo jepesi, watu watakusema hadi kwa watoto wako. Lilikuwa limetoka kwa shemeji. Chumba kikanyamaza, macho yote kwa mama.

Sina neno na isale, nimelelewa nalo, baba yangu amelipokea na amelipeleka. Lakini nimeshaona wajane wakisamehe asubuhi na kufukuzwa jioni. Nikaomba tutoke nje kidogo. Nikamwambia, "Mama, kupokea ni juu yako, mimi sina la kusema hapo. Ila tukirudi ndani, chochote watakachokubali kinaandikwa, kinasainiwa, kinapelekwa kusajiliwa. Isale lipokee, na karatasi tuandike." Akapokea. Tukaandika. Mwalimu akabaki na sehemu ya chini yenye msingi, akarudisha ya juu. Shemeji akakubali kumlipa mama thamani ya sehemu iliyokwenda, kwa awamu.

Awamu ya kwanza alilipa. Ya pili hakulipa.

Kwa hiyo tukaingia kwenye kukazia hukumu, sehemu ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye hotuba yoyote ya msaada wa kisheria. Mtu ameshinda, ana hati, na bado lazima afungue maombi mapya ili alichoshinda kitekelezwe. Kuna dalali wa mahakama, naye ana gharama zake, na hazipungui kwa sababu wakili wako hakulipwa. Ada za mahakama zina utaratibu wa kuombewa msamaha. Mafuta ya gari la dalali hayana. Nilikuwa nimejiandaa kulipa kutoka ofisini, na nimefanya hivyo mara nyingine, lakini mama akanitangulia: VICOBA walikaa, wakamkopesha bila riba. Ilani ya dalali ilipobandikwa kwenye mlango wa stoo, shemeji alipata pesa ndani ya wiki. Zilikuwa wapi siku zote, sijui.

Bado anadaiwa awamu ya mwisho. Jalada lipo kabatini.

Wapo wanaohesabu kesi za mauaji wanazopangiwa na Mahakama Kuu kuwa ndizo kazi zao za kujitolea. Mimi sizihesabu, kwa sababu Serikali inalipa, hata kama malipo yenyewe ukiyagawa kwa saa utaona ni bora ungeuza maparachichi. Nazitaja kwa sababu zimenifundisha kitu kuhusu kuaminiwa. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana, na akitiwa hatiani sheria haimwachii jaji chaguo la adhabu, ni kunyongwa. Huyo ndiye mtu ambaye mawakili wengine hukutana naye mara ya kwanza mahabusu ya mahakamani, asubuhi ya kusomewa. Mimi nakwenda gerezani kwanza. Kijana mmoja aliniangalia kutoka viatu hadi kichwani akauliza, "Wewe unalipwa na nani?" Nikamwambia, na Serikali. "Na yule anayenishtaki?" Na Serikali. "Na jaji?" Nikanyamaza. Akasema, "Sasa dada, kati yenu nani wangu?" Ilichukua muda kabla hajanieleza chochote cha maana, na sikumlaumu.

Yeye angalau alipata mtu. Hapo gereza la Karanga alikuwapo mfungwa, Alex Thomas, aliyekuwa akitumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana, adhabu yake haishuki chini ya miaka 30, lakini si kosa la kunyongwa, kwa hiyo kwa miaka mingi mtu alishtakiwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa, bila yeyote kuona kuna kilichopungua. Kesi yake ilikwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha. Umoja wa Mawakili wa Afrika, PALU, ulimsimamia bila malipo. Tarehe 20 Novemba 2015 mahakama ile ikasema haki yake ya kusikilizwa kwa usawa ilikiukwa, na mojawapo ya sababu ni kutopewa wakili kwa kosa zito kiasi kile. Mwaka 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufika moja kwa moja mbele ya mahakama ile. Hukumu haikuondolewa, nayo naitumia.

Nachukua rufaa moja ya mfungwa kwa wakati mmoja, ndani ya zile tatu. Wafungwa huandika sababu za rufaa wenyewe, au huandikiwa na wenzao waliokaa muda mrefu na kugeuka wanasheria wa selo. Utazikuta zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, na karibu kila moja inamtaja Waziri Amani, ile hukumu ya 1980 ya Mahakama ya Rufani kuhusu kumtambua mtu usiku. Wanaijua kuliko baadhi ya wanafunzi wa sheria niliowapokea ofisini. Kazi yangu inakuwa kusoma mwenendo wa kesi na kutafuta kile walichokihisi bila kukionyesha: je, shahidi alisema taa ilikuwa ya aina gani? Mwanga mkali kiasi gani? Alisimama umbali gani, akamwangalia kwa muda gani? Shahidi akisema tu "kulikuwa na mwanga wa taa nikamtambua," na hakuna aliyemuuliza zaidi kwa sababu mshtakiwa hakujua kuuliza, hapo kuna rufaa. Ila taarifa ya kusudio la kukata rufaa ni siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe siku 45. Wengi wananifikia zikiwa zimepita, na tunaanza na maombi ya kuongezewa muda, ambayo ni kesi ndogo kabla ya kesi.

Nimeulizwa na binti mmoja aliyeapishwa majuzi kwamba ananufaika nini mtu kwa kazi hizi. Sikumjibu kwa mambo ya thawabu. Nilimwambia ukweli: miaka yangu ya kwanza wateja wenye hela hawakunipa kesi za kusimama, walinipa karatasi za kuchapa. Kuuliza maswali ya dodoso, kupinga kielelezo kupokelewa, kusimama mbele ya jaji aliyekasirika na kuendelea kuongea, hayo yote nimejifunza kwa watu wasionilipa. Kwa hiyo nikisikia nasifiwa kwa huruma nabaki kimya. Mkungu wa ndizi ukiletwa ofisini naupokea, tunagawana na karani na wale vijana wa chaja. Pesa sipokei. Mtu anayepewa msaada wa kisheria hatozwi, na hata sheria isingesema hivyo, ukichukua elfu kumi ya mjane leo, kesho utajikuta unampangia foleni nyuma ya mwenye laki tano.

Kuna jambo jingine nilimwambia. Mashauri ya watu wasio na kitu ndiyo yaliyotengeneza sheria tunayoitumia kwa matajiri. Mwanamke anakuja hapa, ametalikiwa, anasema "mimi nilikuwa nyumbani tu," kama anaungama kosa. Namsomea habari ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983: kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Huwa siwafichi kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, maana mahakama ilisema pesa aliyopewa na mumewe aliitumia vibaya, hivyo hana tena anachodai. Hata hivyo kila mwanamke wa nchi hii aliyegawana nyumba na mtalaka wake tangu hapo anasimama juu ya kesi yake. Na yule Holaria Pastory wa Bukoba, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake na kushtakiwa kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza: Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alimaliza ubishi ule mwaka 1990. Mabinti wa Kichagga wanaofukuzwa kihambani na kaka zao wananikuta na nakala ya hukumu hiyo mezani, imechakaa pembe. Mashauri hayo yangeishia njiani leo tusingekuwa na la kunukuu.

Ndiyo maana nina mgogoro mdogo na mahema. Siku za msaada wa kisheria zinapofika, viwanjani panawekwa hema, viti vya plastiki, spika, na sisi mawakili tunakaa na fulana tulizopewa. Nakwenda, na nitaendelea kwenda. Watu wanajifunza, vyeti vya kuzaliwa vinapatikana, migogoro midogo inaisha palepale. Lakini mwenye kesi ya kweli anaondoka na ushauri aliosimama juani kuusubiri, kisha tarehe ya kutajwa inafika na hema limeshafungwa. Kila wakili aliyekaa chini ya hema lile akiondoka na jalada moja tu, moja, akalipa namba na kulitundika ubaoni kwake hadi dalali amalize kazi, mkoa huu ungekuwa na habari nyingine.

Nimesema hayo kwenye mkutano wetu wa mawakili. Mmoja akaniuliza, "Na ukifa katikati ya jalada?" Nikamwambia ndiyo maana lina namba, atakayerithi ofisi atalikuta.

Kwa wanaonitumia ujumbe: asubuhi za Jumatano ni za wasiolipa. Ukija kwa jambo la mirathi, lete cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo kama unao, na namba ya shauri. Usiponayo, lete jina kamili la marehemu na mwaka aliofariki, nitatafuta. Jambo la ardhi, lete chochote chenye mpaka, hata barua ya zamani ya balozi wa nyumba kumi. Aliyeuziwa au kuvamiwa zaidi ya miaka 12 iliyopita aje mapema zaidi ya wengine, kwa kuwa hapo kuna ukomo na mazungumzo yetu yatakuwa marefu. Usilete wapambe watano, leta mmoja anayejua tarehe. Na kama hukumu yako imetoka wiki hii, usisubiri Jumatano.